Jinsi ya Kulinganisha Wakimbiaji wa Shule za Upili Wanaotafutwa na Vyuo vya Marekani

Kila mwaka, mashindano ya shule yanapofika ngazi ya kaunti hapa Nakuru, sisi walimu wa michezo huanza kupigiwa simu na makocha wa vyuo vya Marekani, au na watu wanaojiita mawakala wao, na swali huwa ni lile lile: kati ya vijana ulio nao, ni nani bora? Mwalimu asiyejiandaa huchukua karatasi ya matokeo na kusoma jina lenye muda mdogo kuliko mengine. Nimewahi kufanya hivyo mimi mwenyewe, na ninaandika mwongozo huu kwa kuwa jibu la namna hiyo linaweza kumnyima mtoto elimu ya miaka minne aliyostahili, na kumpeleka mwenzake mahali ambapo hatadumu. Muda ulioandikwa ni ushahidi mmoja tu, na ushahidi huo hauna uzito mpaka ujulikane ulipatikana wapi, saa ngapi, na ni mtoto wa umri gani, aliyefanya mazoezi kwa miaka mingapi, aliyeukimbia.

Pima uwanja kabla ya kumpima mkimbiaji

Viwanja vingi vya shule zetu ni vya nyasi au murram, na mistari yake huchorwa upya kila msimu kwa chokaa au majivu, mara nyingi na wanafunzi waliopewa kamba na maelekezo ya haraka. Tafuta utepe mrefu wa kupimia, uzungushe raundi nzima ukiwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, au sentimita 30 ikiwa njia ya kwanza ina ukingo ulioinuliwa, pigilia vigingi vidogo kwenye kona ili utepe usikate njia, kisha urudie mara ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita tulipima hivyo uwanja wa nyasi wa shule moja upande wa Njoro, ambao kwa muda mrefu ulisifiwa kuwa wenye kasi. Raundi moja ilikuwa mita 388. Ukizidisha kwa raundi tatu na robo tatu, mbio zilizoitwa za mita 1500 zilikuwa za mita 1455, na kijana aliyeandikiwa dakika 4 kamili alihitaji sekunde 7 nyingine kumaliza umbali wa kweli. Katika mita 5000 hasara ni kubwa zaidi: raundi kumi na mbili na nusu za uwanja ule zilifika mita 4850, na muda wa 14:20 ulipaswa kusomwa kama 14:46 hivi. Vijana wawili wangeweza kutofautiana kwa nusu dakika kwenye karatasi ilhali miguu yao ni sawa kabisa.

Hesabu ya raundi nayo ni chanzo cha makosa. Kwa mkimbiaji wa kiwango cha 14:30, raundi moja ni takriban sekunde 70. Kwa hiyo ukiona kijana ambaye kwa mwaka mzima hakushuka chini ya 14:30 ameandikiwa 13:20 siku moja ya mvua, ulizia kwanza ni nani aliyekuwa akihesabu raundi. Kuhusu saa za mkononi, sheria inataka muda wa mbio za uwanjani upandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata ya sekunde, na saa tatu zikitofautiana, ichukuliwe ile ya katikati. Muda wa saa moja iliyoshikwa na kocha wa kijana mwenyewe uandike, lakini uweke alama pembeni.

Mwinuko, jua na saa ya mbio

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban mita 1,850, Eldoret hukaribia 2,100, na Iten ni kama 2,400. Hewa ikiwa nyepesi, mapafu huvuta oksijeni pungufu, na kadiri mbio zinavyorefuka ndivyo gharama inavyozidi: mita 800 huguswa kidogo tu, ila mita 5000 na 10,000 hupoteza sekunde nyingi hata kwa mtoto aliyezaliwa milimani. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, hurekebisha muda wa mbio ndefu uliopatikana katika viwanja vilivyo juu ya takriban mita 900, kwa hiyo makocha wa huko wanalielewa jambo hili vizuri. Wasichoweza kukijua ni mbio zilikimbiwa wapi, usipowaandikia.

Hata hivyo mwinuko usigeuzwe kuwa kisingizio cha kila kitu. Kijana wa Kisumu huenda alikimbia penye hewa nzito, lakini pia huenda alikimbia saa nane mchana, jua la ziwani likiwaka na unyevu umejaa hewani, hali ambayo kijana wa Molo, kwenye nyanda za juu zenye baridi, hajawahi kuionja. Katika mashindano ya shule mbio ndefu husukumwa hadi saa mbaya kwa sababu ratiba imechelewa. Ninapolinganisha watoto wa sehemu hizi mbili, sikubali kutoa hukumu mpaka wawe wamekutana angalau mara moja katika mbio zile zile. Na pasipo nafasi hiyo, ninawaandika wote wawili kuwa sawa na kueleza hali za kila mmoja kwa maneno.

Umri wa kuzaliwa na umri wa mazoezi

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Chukua vijana wawili wa kidato cha nne ambao wamekimbia mita 5000 kwa 14:35 katika uwanja mmoja. Wa kwanza ana miaka 17, anatoka kijiji cha bondeni, amefanya mazoezi ya mpango kwa miezi minane, mara nne kwa wiki baada ya masomo, na Jumamosi humsaidia mama yake shambani. Wa pili ana miaka 20, alirudia madarasa, amepita kambi mbili za mazoezi, hukimbia asubuhi na jioni, na muda wake haujabadilika kwa misimu miwili. Karatasi inawaita sawa. Mimi nikiulizwa, namtaja wa kwanza bila kusita, kwa kuwa ndani yake kuna akiba kubwa ambayo haijaguswa. Wa pili naye namtetea, lakini kwa hoja nyingine, kwamba yuko tayari kuisaidia timu tangu mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo usichore nukta moja, chora mstari. Andika muda bora wa kila mtoto wa mwaka huu, wa mwaka jana na wa mwaka juzi, na kando yake uandike idadi ya kilomita alizokimbia kwa wiki katika kila kipindi. Aliyeshuka kutoka 16:10 hadi 15:00 kwa kilomita 40 za wiki ni mtu tofauti na aliyeshuka kwa kiasi hicho hicho baada ya kupandisha kilomita kutoka 50 hadi 130. Paul Ereng alikuwa mkimbiaji wa mita 400 kabla ya kuhamia mita 800, na mwaka 1988, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul katika mbio hizo alizokuwa bado mgeni kwazo. Orodha iliyopangwa kwa muda wa mita 800 pekee ingemwacha nje mwaka mmoja tu kabla.

Kwa wasichana mstari huo husomwa kwa uangalifu zaidi. Msichana wa kidato cha kwanza mwenye umbo jepesi anaweza kuwashinda wote, kisha mwili unapokua kati ya miaka 15 na 17 muda wake husimama au hurudi nyuma, na watu huanza kusema amekwisha. Hajakwisha, mwili unajijenga, na anayeshikilia muda ule ule katika kipindi hicho kwa hakika anaendelea mbele. Kinachopaswa kutushtua ni msichana anayeongeza kasi huku akikonda, anayekwepa chakula cha jioni, na ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi kadhaa, kwani mifupa yake imo hatarini kupata nyufa. Mtoto huyo asipelekwe popote kabla ya kuonwa na daktari, na damu yake ipimwe pia upungufu wa madini ya chuma, ambao huwapata wakimbiaji wengi na kuwafanya waonekane wavivu.

Umri uandikwe kama ulivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Naomba tulichukulie jambo hili kwa uzito wote. Mtoto aliyepunguziwa miaka na mtu mzima ili ashinde mashindano ya vijana ataubeba uongo huo kwenye pasipoti, kwenye ombi la visa na kwenye fomu za chuo, na siku ukigunduliwa atakayefukuzwa ni yeye. Katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, mwanafunzi hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza shule ya upili ili ajiunge na chuo. Akiendelea kushindana katika mashindano rasmi baada ya hapo bila kujiunga na chuo, anaweza kupunguziwa misimu ya kuiwakilisha timu. Anayekaa kambini miaka mitatu baada ya kidato cha nne akisubiri muda mzuri zaidi anajifungia mlango huku akidhani anaufungua.

Soma mbio zenyewe

Rekodi muda wa kila raundi. Hakuna chombo chochote kingine kinachofichua mengi kama hiki, na hakihitaji zaidi ya saa yenye kumbukumbu na mwanafunzi mmoja wa kuandika. Katika mbio moja za kaunti tulizoziandika hivyo, kijana mmoja alimaliza mita 5000 kwa 14:36 na mwenzake kwa 14:38. Aliyeshindwa alikimbia raundi ya mwisho kwa sekunde 58, mshindi kwa sekunde 64, na watu wote waliokaa ukutani waliondoka wakimsifu yule wa sekunde 58. Daftari lilikuwa na maelezo mengine. Mshindi alikuwa ameongoza raundi kumi, akizipiga kwa sekunde 70 na 71 bila kuyumba, upepo ukimpiga kifuani kila alipofika upande wa mbali, ilhali mwenzake alikaa nyuma ya mgongo wake tangu bunduki ilipolia, akaachwa katika raundi ya kumi na moja, ndipo akachomoka akiwa amechelewa. Kasi ile ya mwisho ni kipawa cha kweli nami niliiandika. Lakini uwezo wa kushikilia mwendo peke yako, hakuna wa kukuvuta, ni kipawa kingine, na katika mbio za nyika za vyuo ndicho kinachotangulia.

Sababu iko katika namna timu za Marekani zinavyohesabu alama. Katika mbio za nyika timu huingiza wakimbiaji saba, na nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa. Timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi, na jumla ndogo kabisa iwezekanayo ni 15. Mkimbiaji mmoja akianguka kutoka nafasi ya 10 hadi ya 90, hadi alama themanini zinaweza kuongezeka kwa siku moja. Kwa hiyo kocha hutafuta mtu asiyemwangusha. Ndiyo maana, pamoja na muda bora wa kila mtoto, mimi huandika pia mbio zake mbaya kuliko zote za msimu na sababu yake. Kijana mwenye 14:25 siku nzuri na 15:40 siku mbaya, bila ugonjwa wala jeraha, ana kasoro inayohitaji kufanyiwa kazi. Mwenye 14:40 ambaye hajawahi kuvuka 14:55 ni tegemeo la timu.

Umbali nao ukumbukwe. Wavulana wa Divisheni ya Kwanza hukimbia kilomita 8 katika mashindano mengi ya nyika na kilomita 10 katika yale ya kanda na ya taifa, na wasichana hukimbia kilomita 6. Mtoto ambaye hajawahi kushindana zaidi ya mita 1500 asiandikwe kuwa mtu wa nyika kwa kubahatisha. Mpeleke kwenye mbio za nyika zenye vilima na matope, umwone. Kuna pia mita 3000 kuruka viunzi na maji, ambazo shule nyingi hazina kidimbwi chake, na hapo tunawapoteza wengi. Mtoto mrefu mwenye kasi ya wastani anayeruka mtaro bila kupunguza hatua anastahili kutajwa kwa jambo hilo peke yake. Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama, bingwa wa nyika wa NCAA mwaka 2024, alikimbia mbio hizo za viunzi kwa 8:58.15 mwaka 2025 na kuwa mwanamke wa kwanza wa chuo kushuka chini ya dakika 9.

Kocha wa Marekani amezoea kuona watoto wa kwao wakikimbia mita 1600, mita 3200 na nyika ya kilomita 5, na msimu wa vyuo wa mashindano ya ndani ya ukumbi una mbio za maili moja. Muda wa mita 1500 ukizidishwa kwa 1.08 hukupa makadirio ya maili: 3:50 huwa kama 4:08. Andika makadirio hayo kando ya muda halisi, na useme wazi kwamba ni makadirio.

Jaribio la nyumbani

Pale kumbukumbu zinapokuwa chache, waite watoto unaowalinganisha katika uwanja mmoja uliopimwa, saa moja asubuhi kabla ya upepo, kila mmoja akimbie mita 3000 peke yake, wakipishana kwa dakika 15. Hakuna mwongoza kasi na hakuna wa kupiga kelele muda. Dakika moja baada ya kumaliza, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na uyaandike. Rudia baada ya wiki tatu. Mtu anayekimbia raundi saba na nusu peke yake kwa tofauti ndogo kati ya raundi na raundi, na moyo wake ukatulia upesi, amekuonyesha jambo ambalo mbio za kundi huficha.

Masomo yanaingia kwenye ulinganisho

Wapo wanaopanga miguu kwanza na kutazama cheti baadaye. Nawasihi wabadilishe mpango huo. NCAA huchunguza matokeo ya Kiingereza, hisabati, sayansi na masomo ya jamii kabla ya kumruhusu mwanafunzi kushindana, na vyuo vingi vyenyewe hudai mtihani wa Kiingereza. Mtoto mwenye C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, na 14:50 ana milango mingi kuliko mwenye D+ na 14:10. Zaidi ya hayo, Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, lakini hutoa misaada kwa masomo na kwa uhitaji, hivyo msichana mwerevu mwenye muda wa kawaida anaweza kusoma huko akikimbia. Kwa yule ambaye alama zake ni za chini, vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA, chama chao cha michezo, ni njia halali na yenye heshima.

Nafasi zenyewe zimebadilika. Tangu makubaliano ya mahakama ya mwaka 2025 kuhusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wakimbiaji 17 katika timu ya nyika, na kocha mwenye nafasi chache huvutiwa na mtu aliyekomaa, akiwemo yule anayehama kutoka chuo kingine. Kwa hiyo kijana wako wa miaka 17 halinganishwi tu na mwenzake wa Bahati au Kuresoi hapa Nakuru. Wala si na Mmarekani wa umri wake tu. Analinganishwa pia na mtu wa miaka 22. Ndiyo sababu ule mstari wa maendeleo unapaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa unachotuma, kabla ya muda wowote.

Unachotuma na unayemtumia

Nimewahi kumwona wakala akichukua pesa za mzazi aliyeuza ng'ombe wawili, kisha simu yake ikazimwa. Tangu hapo nina kanuni: mawasiliano hupitia anwani rasmi ya barua pepe ya chuo, inayoonekana kwenye tovuti ya timu, na mzazi hukaa kando yangu tunaposoma majibu. Kocha wa chuo hamdai mwanafunzi ada ya kumsajili kwenye timu. Chuo kinaweza kuwa na ada ya ombi na ubalozi una ada ya visa, na hizo hulipwa moja kwa moja kwa wenyewe.

Kwa kila mtoto, tuma ukurasa mmoja wenye mstari wa maendeleo, matokeo ya mbio sita au saba pamoja na jina la uwanja, mwinuko, aina ya ardhi, saa ya mbio na aliyeshika saa, kisha matokeo ya shule, historia ya majeraha, na video ya mbio nzima isiyokatwa, iliyopigwa na simu iliyotulia mahali pamoja. Kama amewahi kupokea zawadi ya pesa katika mbio za barabarani, andika kiasi na tarehe, maana ataulizwa. Usimpe kocha namba moja, mbili, tatu. Mwandikie sentensi chache juu ya kila mmoja: huyu ana akiba kubwa na anahitaji miaka miwili ya subira, huyu yuko tayari sasa, huyu hapotezi mbio mbili mfululizo, huyu ni wa viunzi ingawa hajawahi kuona kidimbwi.

Kabla hujabonyeza kutuma, mwite kila mtoto na mzazi wake, uwasomee ukurasa wao kwa sauti kwa lugha wanayoielewa, na uwaache wasahihishe. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, bibi wa kijana mmoja alinikatiza nilipofika kwenye miezi minane ya mazoezi. Mwalimu, akasema, huyu amekuwa akikimbia kwenda shule tangu darasa la pili, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Nikafuta, nikaandika upya.